Paka wa Kompyuta Asifundishwe Kuomba

Kufuga ni amana. Neno hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani, maana tangu utotoni tumefundwa kuwa mwenye kumtia mnyama nyumbani mwake amejitwisha mzigo ambao ataulizwa juu yake. Lakini siku hizi umezuka ufugaji wa namna nyingine, ufugaji wa wanyama wasio na mwili, wasiokula wala kunywa, wasiokufa ila kwa kupangiwa kufa. Wanyama hao huishi ndani ya kompyuta. Swali ninaloliweka mbele ya wasomaji leo ni hili: mnyama wa namna hiyo afundishwe tabia gani? Wanaomtengeneza wanao uwezo wa kumfundisha karibu kila kitu, na hapo ndipo penye hatari.

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni mambo ya Japani au ya Nairobi, hayamhusu mtu wa Mji wa Kale wala wa Lamu. Mimi nimekutana nayo Mtito Andei.

Mtito Andei ni mji ambao kila mtu wa pwani ameuona na wachache tu wanaujua. Upo Kaunti ya Makueni, kandokando ya barabara kuu, karibu katikati ya Mombasa na Nairobi; ukivuka mto Athi umeingia Kitui. Jina lake ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi. Hapo ndipo lilipo lango la mbuga ya Tsavo Magharibi, na hapo ndipo inaposimama treni ya abiria ya reli mpya iliyofunguliwa 2017. Madereva wa malori hulala hapo. Mabasi husimama, abiria wakashuka, wakala, wakasali, wakajaza chupa zao maji, wakaondoka. Ni mji wa wapitaji; uso uliouona jioni, asubuhi yake haupo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi hapo mwaka wa tatu sasa. Mchana anaandika hesabu za duka la vipuri vya malori. Usiku anaandika programu za kompyuta, kazi anayoletewa na watu wa mbali asiopata kuwaona. Kazi hiyo haifanywi kwa picha na rangi kama tuonavyo kwenye simu. Hufanywa katika dirisha jeusi la maandishi matupu, ambalo wenyewe huliita terminali. Mtu huandika amri, mashine humjibu kwa mstari mmoja au miwili, kisha hunyamaza ikimngojea tena. Katika pembe ya dirisha hilo ameketi paka. Hakuchorwa kwa kalamu. Masikio yake ni mikwaju miwili iliyoegemeana, macho yake ni herufi mbili za o, na mkia wake ni alama ya mabano. Kila terminali inapofunguliwa, paka humwamkia bwana wake kwa jina. Akiandikiwa neno la kumlisha, hula. Akiandikiwa neno la kumpapasa, hufumba macho.

NJAA ILIYO HESABU YA KUTOA

Ndani ya paka huyo hamna miujiza. Nilifunguliwa nikaona. Ni faili ndogo yenye tarakimu chache: moja ya njaa, moja ya furaha, na moja ya saa aliyolishwa mara ya mwisho. Terminali inapofunguliwa, programu hutazama saa ya mashine, hutoa humo saa ile ya mwisho, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo paka anavyochorwa mwenye njaa zaidi. Kwa hiyo njaa yake ni hesabu ya kutoa. Hakushinda na njaa usiku kucha akimngoja mtu. Dirisha lilipofungwa hakuwapo popote.

Sasa kijana hatosheki na paka wa aina hiyo.

"Mjomba," aliniambia, "huyu ni bubu mno. Nataka awe paka wa kuitikiana. Nikikaa naye mbali, apige kengele. Nikimsahau siku mbili, anune. Nikirudi, anilaumu kidogo, kama paka wa kweli."

"Paka wa kweli hamlaumu mtu, baba," nilimjibu. "Hutafuta nyumba nyingine."

Alicheka. Kisha akasema neno ambalo halikuwa la kuchekesha: "Mjomba, hapa hakai mtu. Nikipata rafiki juma hili, juma lijalo yuko Malaba na lori lake. Huyu nikifungua, yupo."

Neno hilo si la kupuuzwa, wala kijana huyo si wa kuchekwa. Tumesoma sote habari ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na ndege wake mdogo, na ndege akafa, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa upole habari za ndege yule. Bwana Mtume, mwenye kubeba mambo ya umma mzima, hakuona kuwa huzuni ya mtoto kwa kijidege ni jambo dogo la kupitwa. Kwa hiyo hapa sisemi kuwa kumpenda paka wa herufi ni upuuzi. Ninasema kuwa anayemtengeneza paka huyo anashika usukani wa moyo wa mtu, na yampasa ajue anaupeleka wapi.

SI JAMBO LA JANA

Wanyama wa kompyuta wana historia yao, nayo inafundisha. Miaka ya 1980 palitungwa Japani programu iliyoitwa Neko, yaani paka kwa Kijapani, na mwaka 1989 Kenji Gotoh akaitia katika kompyuta za Macintosh. Paka huyo alikikimbiza kishale cha kipanya popote kilipokwenda katika kioo. Kishale kikitulia, naye hutulia. Hujikuna, hupiga mwayo, halafu hulala. Hakuomba chakula wala hakumsumbua mtu. Mwaka 1993 Mjapani mwingine, Toyoda Masashi, alitunga mzaha wa terminali: mtu akikusudia kuandika amri ya herufi mbili, l na s, akakosea akazigeuza, garimoshi la herufi hutokea likapita mbele yake kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili, naye hana la kufanya ila kulingoja lipite. Mpwa wangu anaupenda mno mzaha huo, na mtu anayeishi katika mji wa reli hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Kisha mwaka 1996 kampuni ya Bandai ilileta Tamagotchi, kijiyai cha plastiki chenye mnyama ndani yake. Huyu hakuwa kama Neko. Alilia. Alitaka kulishwa, kuchezewa, kusafishwa uchafu wake, na akiachwa alikufa. Watoto walikwenda naye shuleni kwa kuchelea asife, walimu wakampiga marufuku, na mama wa watu wakabaki nyumbani wakimlea mjukuu wa plastiki. Hadi leo vimeuzwa zaidi ya milioni 80. Mwaka 1997 wavumbuzi wake wawili, Akihiro Yokoi na Aki Maita, walitunukiwa huko Marekani ile tuzo ya mzaha iitwayo Ig Nobel, upande wa uchumi, kwa kuzihamisha mamilioni ya saa za kazi za watu zikaingia katika kufuga wanyama wasiokuwapo. Watu walicheka, lakini ndani ya kicheko hicho mna hesabu ya kweli. Saa hizo zilikuwa za mtu fulani.

Baina ya Neko na Tamagotchi ndipo lilipo jambo langu. Wote wawili humwitikia mtu. Mmoja huitikia kile mtu anachokifanya. Wa pili humdai mtu afanye asichokusudia. Sisi huwaita wote "wenye kuitikiana", tukadhani tumesema neno moja, kumbe tumesema mawili.

Wala mtu asiseme kuwa mashine haina roho, kwa hiyo haiwezi kumshika mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alitangaza programu yake iitwayo ELIZA. Kazi yake ilikuwa kuyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa sura ya swali, basi. Lakini karani wake, aliyekuwa amemwona miezi mingi akiitengeneza, alipozungumza nayo kidogo tu alimwomba bwana mkubwa atoke chumbani amwache faraghani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima cha kutahadharisha. Tena mwaka 1999 kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wa bandia aitwaye Aibo. Ilipoacha kuwatengeneza mbwa hao wa zamani wanapoharibika, mwaka 2014, wenyewe waliwapeleka katika hekalu la Kibudha, Mkoa wa Chiba, wakasomewa ibada ya mazishi. Moyo wa mwanadamu hauulizi kwanza kama kilicho mbele yake kina roho. Kikimwitikia, hukifungulia mlango.

NYANI NA NDEGE

Mtu akitaka kujua mnyama wa kompyuta afundishwe nini, hana haja ya kwenda Japani. Na apande gari aende Mtito Andei, akatazame wanyama wawili wa nchi ile.

Wa kwanza ni nyani. Kila msafiri wa barabara ile amewaona wakikaa kando ya lami wakizitazama gari. Nyani hao hawakuzaliwa waombaji. Walitupiwa ganda la ndizi, kisha mkate, kisha mahindi ya kuchoma, wakajifunza kuwa gari ni chakula. Nyani aliyekwisha kujifunza hivyo huacha kutafuta riziki yake porini, hungoja. Akinyimwa hukasirika, akakasirika hunyang'anya, na mwisho wake hugongwa na lori au hupigwa risasi. Kwa sababu hiyo ni marufuku kuwalisha wanyama katika mbuga zetu. Kuitikiana kwa nyani na msafiri kupo, tena kwingi, lakini kunawaharibu wote wawili.

Wa pili ni yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. Wakamba, ambao ni warina asali hodari tangu zama, wanamjua vyema. Ndege huyu hupenda nta, lakini hawezi kuupasua mzinga ulio ndani ya mti wala kuwashinda nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga uko wapi. Basi ndege humjia mtu, hulia mlio wake maalumu, huruka mbele kidogo, hutua, hungoja, huruka tena. Mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana wa kaskazini ya nchi yetu wakiandamana na ndege huyo, na mwaka 1989 wakatangaza waliyoyaona. Kwa namna anavyoruka na anavyolia, ndege humjulisha mtu upande ulipo mzinga, umbali uliobaki, na kwamba sasa wamefika. Katika nchi wasiyoizoea, mtu asiye na ndege alihitaji kwa wastani karibu saa 9 kuupata mzinga mmoja; mwenye ndege alihitaji saa 3 na kidogo. Na mwisho wa kazi mtu hupata asali, ndege hupata nta.

Huko nako ni kuitikiana, tena kuliko kokote. Ndege huita kwa sababu kuna mzinga. Mlio wake una habari ndani yake. Hamzuii mtu asiende zake, wala hamlaumu asipomfuata.

Maoni yangu basi ni haya: anayetaka kumzidishia paka wa terminali maisha, na amfanye awe kama ndege yule, asimfanye awe kama nyani.

AFUNDISHWE NINI HASA

Maneno ya jumla hayamsaidii fundi, kwa hiyo nitayataja mambo yenyewe, kama nilivyomtajia mpwa wangu.

La kwanza, njaa ya paka iwe na maana. Siku hizi waandishi wa programu huhifadhi kazi yao kwa chombo kiitwacho Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Chombo hicho kina nafasi ambamo mtu anaweza kuweka programu ndogo ikajiendesha yenyewe kila kazi inapohifadhiwa. Basi badala ya paka kuona njaa kwa kupita saa tu, aone njaa kwa wingi wa mistari iliyoandikwa ambayo haijahifadhiwa, na kuihifadhi ndiko kuwe kumlisha. Hapo akisema ana njaa atakuwa anasema kweli: kazi ya bwana wake iko hatarini, na umeme ukikatika Mtito Andei usiku wa manane, jasho la saa nne laweza kupotea. Huo ni mlio wenye mzinga mbele yake.

La pili, paka aione kazi. Kila amri inapomalizika, mashine huacha nyuma nambari. Ikiwa ni 0, amri imefaulu. Ikiwa ni nyingine yoyote, pana kasoro, na kwa mfano 127 maana yake amri yenyewe haikupatikana. Watu wengi hawaitazami nambari hiyo. Paka anaweza kuitazama. Amri ikifaulu, atikise mkia tu asiseme neno. Ikishindwa mara tatu kwa namna ile ile, ainuke aketi karibu na mstari wenye kosa, kama paka wa nyumbani anayekwenda kukaa juu ya karatasi unayoisoma. Fundi aliyechoka hurudia kosa moja mara kumi bila kujijua, na kumzindua ni wema.

La tatu, paka ajue saa za binadamu. Nyakati za sala hupatikana kwa kuhesabu mahali lilipo jua, na kompyuta huweza hesabu hiyo kwa kufumba na kufumbua. Jua hukata digrii moja ya nchi kwa dakika 4, na Mtito Andei iko magharibi ya Mombasa kwa kama digrii moja na nusu. Kwa hiyo magharibi ya huko huchelewa kama dakika 6 baada ya yetu. Kijana aliyeikariri ratiba ya Mombasa atafuturu kabla ya wakati. Paka na aihesabu saa ya pale alipo bwana wake, na wakati ukiingia ainuke, ajinyooshe, aondoke, dirisha libaki tupu. Asipige kelele. Kuondoka kwake kunatosha. Na usiku ukiwa mkubwa alale, wala asiamshwe kwa kuandikiwa neno lolote, ili bwana wake naye akalale.

La nne, asinune wala asife kwa kuachwa. Mtu akisafiri siku kumi kwenda kumzika jamaa yake Malindi, akirudi amkute paka amelala palepale, aamke, amwamkie. Kumkuta paka wa herufi amekufa kwa sababu mtu alikuwa mazikoni ni ukatili, hata kama aliyeuawa hakuwapo.

La tano linahusu maneno. Siku hizi akili bandia inaweza kumpa paka ulimi, akazungumza maneno mengi kuliko sisi sote barazani. Sisemi asipewe. Ila asiseme "nimekukosa" ilhali hakukosa kitu. Asiseme "usiniache" ilhali hajui kuachwa. Akiulizwa yeye ni nini, ajibu kuwa ni programu. Na ikiwa kijana anataka kukumbushwa kumpigia mama yake simu siku ya Ijumaa, ukumbusho huo auandike kwa mkono wake mwenyewe, paka awe mchukuzi tu, ili ajue kuwa anayemkumbusha ni nafsi yake.

WATAKAOPINGA

Wapo watakaosema kuwa ninakuza jambo la mchezo. Ni mchezo, naam. Lakini mchezo unaochezwa kila usiku, na mtu aliye peke yake, katika chombo anachopatia riziki yake, umekwisha kuwa sehemu ya malezi yake. Anayezoea kuombwa na kitu kisichohitaji hujifunza mambo mawili mabaya: kudhani kuwa kuhitajiwa ndiko kupendwa, na kuchoka kabla hajafika kwa wanaomhitaji kweli.

Wapo watakaouliza hukumu ya mfano wa mnyama. Mimi si mwanachuoni, na suala la picha na sanamu lina wenyewe. Nitasema tu kuwa sote tumesoma habari ya Bibi Aisha na wanasesere wake, miongoni mwao farasi mwenye mabawa, na kwamba Mtume (S.A.W.) alipomwona farasi huyo alicheka. Makala hii inahusu tabia ya kitu. Umbo lake nawaachia wanaojua.

Na yupo mpinzani mwenye hoja nzito kuliko wote, naye ni mpwa wangu. Aliniambia, "Mjomba, paka asiyeomba nitamsahau. Na nikimsahau, nimebaki na nini?" Hoja hii nimeifikiri sana. Jibu langu ni kwamba paka wa pwani ametufunza zamani. Dini yetu haikumfanya paka kuwa najisi, na sababu iliyotajwa ni kwamba yeye ni mwenye kuzunguka baina yetu, anaingia na kutoka. Ukienda Lamu utawaona kwa makundi, wengine wana wenyewe, wengine wana mtaa mzima. Wanakaa ufukweni mashua zikiingia, wanapata kichwa cha samaki, wanaondoka. Hakuna aliyewafunga, nao hawakumfunga mtu, na bado watu wa Lamu hawajawasahau kwa miaka mamia. Kinyume chake ni habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Mafundisho yake ni kwamba ubaya uko katika kufunga. Basi tuogope siku ambayo mambo yatageuka, paka awe ndiye aliyemfungia mtu ndani ya dirisha jeusi, hamlishi wala hamwachi atoke.

Mpwa wangu hakuyakubali yote. Kengele ameitoa. Njaa ameifunga na kuhifadhi kazi, na anasema tangu hapo hajapoteza mstari. Kununa bado anakutetea, nasi tunabishana kwa simu. Salamu ya jina hakuigusa, wala mimi sikumtaka aiguse, kwa maana salamu haimdai mtu kitu.

Lakini neno lake la kwanza linabaki, kwamba hapa hakai mtu. Fundi wa kompyuta hana dawa ya neno hilo hata angekuwa hodari vipi. Dawa yake iko kwetu. Vijana wetu wa pwani wametawanyika katika miji ya njiani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, wakifanya kazi katika maduka, magereji na vituo vya mafuta. Sisi tunapita kila mwezi. Basi linasimama nusu saa, tunashuka tunakunywa chai, tunasali, tunapanda, na mtoto wa ndugu yetu yuko hatua mia mbili nyuma ya duka, hajui hata kama tumepita. Kisha tunastaajabu tukisikia kuwa amejitengenezea paka wa kumwamkia.

Kwa mafundi ombi langu ni moja: msimfundishe mnyama wenu kuomba asichokihitaji. Na kwa wasafiri wenzangu ombi langu ni jepesi zaidi. Kabla basi halijafika Mtito Andei, piga simu. Sema, "Nitakuwa kituoni baada ya saa moja, njoo tunywe chai." Nusu saa ni nyingi kwa watu wawili wanaojuana.